Miaka 13 ubavuni mwa kocha mkuu: kisa cha Kelly Inouye-Perez na benchi la softiboli la UCLA

Mwanzoni mwa Juni 2006, timu nane za softiboli ya wanawake zilikutana Oklahoma City kuwania ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Kwenye benchi la UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, alikaa Sue Enquist, kocha mkuu aliyekuwa anaelekea kumaliza kazi yake na ushindi wa mechi 887, vipigo 175 na sare moja. Ubavuni mwake alikuwapo Kelly Inouye-Perez, msaidizi wake, akiwa kwenye msimu wa 13 wa kazi hiyo. Kwenye benchi la Oregon State alikuwapo Kirk Walker, ambaye zamani alikuwa msaidizi hapo hapo UCLA kabla ya kuondoka kwenda kuwa kocha mkuu kwingine. Kombe lilikwenda Arizona, na kila mtu akarudi kwao.

Mwaka huo huo Enquist alistaafu na Inouye-Perez akarithi mikoba. Baada ya miaka sita Walker naye aliachana na ukocha mkuu wa Oregon State, akarudi UCLA kuwa msaidizi chini ya mwanamke ambaye, wakati yeye Walker ni kocha pale, alikuwa bado mwanafunzi anayevaa jezi. Na kwenye benchi hilo hilo alimkuta Lisa Fernandez, mwenye medali tatu za dhahabu za Olimpiki, mmoja wa wachezaji bora kabisa katika historia ya softiboli, naye akiwa msaidizi.

Kwa hiyo benchi moja lilikuwa na watu watatu waliopita njia tatu tofauti katika kazi moja: aliyebaki akapandishwa, aliyeondoka akarejea, na aliyebaki bila kupandishwa. Huku kwetu tumezoea kumwona kocha msaidizi kama mtu wa kupanga koni na kupuliza filimbi ya mazoezi, na siku bosi wake akitimuliwa, kibarua chake nacho kimeota majani. Kisa cha UCLA kinastahili kusomwa polepole kwa sababu kinaonyesha jambo jingine. Niseme mapema ninachokiamini baada ya kuufuatilia mlolongo huu: usaidizi humzaa kocha mkuu pale msaidizi anapokabidhiwa eneo lake mwenyewe, ambalo likiharibika lawama ni zake. Kukaa miaka mingi tu hakutoshi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, softiboli ni ndugu wa karibu wa besiboli, ila uwanja wake ni mdogo na mpira wake ni mkubwa zaidi. Mrushaji hurusha kwa mkono unaozunguka na kupita chini ya kiuno, akiwa umbali wa futi 43 kutoka kwa mpigaji, karibu mita 13. Umbali huo ni mfupi kiasi kwamba mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua kama apige au aache. Mchezo una awamu saba, na mrushaji mmoja aliye kwenye kiwango anaweza kuushika wote peke yake. Ndiyo maana kwenye softiboli mtu anayewalea warushaji ana uzito mkubwa kwenye benchi la ufundi kuliko cheo chake kinavyosomeka.

Kazi ya msaidizi chuoni imegawanyika hivi kwa kawaida. Mmoja anashika warushaji na wadakaji, mwingine anashika upigaji, mwingine ulinzi wa uwanjani au kusimamia wakimbiaji wa besi, yaani vile vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia kutafuta bao. Anayeshika warushaji ndiye mara nyingi anayechagua kila mpira utakaorushwa, kwa ishara za vidole au kwa namba ambazo mchezaji anazisoma kwenye kitambaa alichofunga mkononi. Tuseme mechi moja ina mirusho 100: hayo ni maamuzi 100, na kila moja linaweza kugeuka kuwa pigo la kuvuka ukuta. Kocha mkuu yuko hatua mbili kutoka pale lakini hasemi kitu, kwa kuwa kazi hiyo ameshaigawa. Juu ya hayo kuna kusaka vipaji. Kiangazi kizima msaidizi yuko kwenye viwanja vya mashindano ya wasichana, kiti cha kukunja kwapani na daftari mkononi, akitazama watoto wa watu kutoka asubuhi mpaka taa zinapowashwa. Zamani walifika mahali pa kupatana na wasichana wa darasa la nane, mpaka Aprili 2018 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipokataza mawasiliano yoyote ya usajili wa softiboli kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wa tatu wa sekondari ya miaka minne. Kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa miaka 13 hana sababu ya kuamua chuo, na msaidizi anayetumwa kumshawishi anatumwa kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe kama mzazi asingelitaka.

Inouye-Perez aliingia UCLA kama mchezaji mwaka 1989, akaondoka 1993, na katika kipindi hicho chuo kilitwaa ubingwa wa 1989, 1990 na 1992. Alikuwa mdakaji. Nafasi hiyo ina maana kubwa katika kisa hiki. Wachezaji wenzake wote humtazama mpigaji, yeye pekee amechuchumaa nyuma ya mpigaji, na uwanja mzima uko mbele ya uso wake. Anaona besi ipi imeachwa wazi, mlinzi yupi amesogea vibaya, mrushaji wake ameanza kuchoka bega au ameanza kuogopa. Na mrushaji aliyekuwa akimdakia si mtu wa kawaida: alikuwa Lisa Fernandez, aliyemaliza chuo na rekodi ya ushindi 93 na vipigo saba tu, na ambaye mwaka 1993 aliongoza taifa zima kwa urushaji na kwa upigaji kwa wakati mmoja, wastani wake wa kupiga ukiwa .510, yaani zaidi ya nusu ya zamu zake. Mdakaji aliyeishi miaka kadhaa na mkono wa namna hiyo ameshaanza kusomea ukocha wa warushaji kabla hajapewa mkataba.

Msimu wa 1994 akaingia kwenye benchi la ufundi kama msaidizi.

Chuo alichojiunga nacho kilikuwa na desturi yake ya kurithishana. Sharron Backus alianza kuinoa timu hiyo mwaka 1975. Enquist alikuwa mchezaji wake, akawa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa wa 1978, kisha akarudi kuwa msaidizi wake mwaka 1980. Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi kuliko makombe yenyewe. Mwaka 1989 Enquist hakuondoka kwenda kutafuta ukuu mahali pengine, wala Backus hakuachia kiti. Waliwekwa wote wawili kuwa makocha wakuu wenza, na wakakaa hivyo misimu minane, hadi 1996. Backus alipostaafu, Enquist akabaki peke yake kuanzia 1997.

Misimu minane ya vichwa viwili kwenye chungu kimoja. Watu wengi wangeona hilo ni kuomba ugomvi, na mahali pengi lingeleta ugomvi kweli. Lakini ukilitazama kwa jicho la anayefundishwa, ndiyo shule nzuri kuliko zote: unapewa mamlaka kamili wakati aliyekutangulia bado yuko chumba cha pili. Unakosea, na kuna mtu wa kukuuliza kwa nini, na huyo mtu hana haja ya kukuangusha kwa sababu kosa lako ni lake pia. Enquist aliyalipa yale aliyofanyiwa. Inouye-Perez hakupewa cheo cha kocha mkuu mwenza, lakini alikabidhiwa warushaji na wadakaji, na akawa mtu wa mbele katika kusaka wachezaji.

Matunda ya eneo hilo yalionekana hadharani mwaka 2003. Fainali ya taifa dhidi ya California, chuo ndugu kilichopo Berkeley, ilikwenda awamu tisa badala ya saba, ikaisha 1-0. Mrushaji wa UCLA, Keira Goerl, aliwanyima California hata pigo moja halali kwa mechi nzima. Mwaka uliofuata timu hizo hizo zilikutana tena fainali, UCLA ikashinda 3-1. Ukiongeza ubingwa wa 1999, msaidizi huyu alikuwa na makombe matatu yanayohesabika kabla hajaitwa kocha mkuu.

Nasema yanayohesabika kwa kuwa liko la nne lisilohesabika. UCLA walitwaa ubingwa wa 1995, kisha NCAA ikaufuta kwa sababu chuo kilivuka kiwango kinachoruhusiwa cha ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa softiboli. Mwaka 1998 timu ilifungiwa kucheza mashindano ya baada ya msimu. Sina sababu ya kumtwisha msaidizi wa msimu wa pili uamuzi wa ofisi za juu, na silengi hivyo. Ninaloliona ni gharama ambayo kocha msaidizi hulipa bila kuulizwa. Msimu wako wa pili kazini unakufa kwenye vitabu. Halafu miaka mitatu baadaye unafundisha kikosi kizima kikijua tangu siku ya kwanza ya mazoezi kwamba hata wakishinda kila mechi, Mei itakapofika watabaki nyumbani. Kazi ya kuwaamsha wasichana hao asubuhi na kuwafanya watake kuja uwanjani huangukia wasaidizi zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, maana ndio walioketi sebuleni mwa wazazi wao wakati wa usajili na kuwaahidi mambo.

Kuhusu pesa, lazima niseme kitu kirefu kidogo, kwa sababu hadithi ya kusubiri miaka 13 husikika nzuri mno mdomoni mwa watu ambao hawakuwahi kusubiri bila mshahara wa maana. Vyuo vya NCAA vilipitisha mwaka 1991 kanuni ya kubana matumizi iliyotenga cheo cha kocha asiyeruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka wa masomo, na 4,000 nyingine kwa kiangazi. Makocha wa mpira wa kikapu wakaenda mahakamani. Mwaka 1995 jaji wa Kansas akaamua kwamba kupatana kwa vyuo kubana mishahara ya watu kunavunja sheria ya ushindani wa haki, mahakama ya rufaa ikathibitisha 1998, na mwaka 1999 NCAA ikakubali kulipa dola milioni 54.5 kulimaliza shauri.

Lakini mlango mwingine ulibaki wazi. Katika softiboli ya Daraja la Kwanza, chuo kiliruhusiwa kocha mkuu mmoja, wasaidizi wawili wa mshahara, na wa nne ambaye jina lake rasmi lilikuwa kocha wa kujitolea. Huyu wa nne alifika mazoezini saa ile ile, akapanda basi lile lile, akafundisha wachezaji wale wale, na kanuni ilikizuia chuo kumlipa mshahara hata kama kingetaka. Wengi waliishi kwa kufundisha watoto wa watu binafsi jioni na kwa kambi za kiangazi. Cheo hicho kilidumu hadi Januari 2023 NCAA ilipopiga kura kukifuta, na kuanzia tarehe 1 Julai 2023 nafasi hiyo ikawa nafasi ya kocha wa kawaida anayeweza kulipwa.

Tafakari nani anaweza kumudu kujitolea miaka mitatu au minne katika mji wenye kodi za nyumba kama za Los Angeles. Ni yule mwenye wazazi wenye uwezo, au mwenza mwenye mshahara, au jina kubwa linaloleta wanafunzi wa kulipia. Binti wa mfanyakazi wa kawaida, hata awe na jicho la tai, anaishia kutafuta kazi nyingine. Huo ndio mchujo ambao hatuuoni tunapohesabu nani alifika ukocha mkuu, maana waliochujwa hawakuwahi kuandikwa mahali popote. Na ulianza kuuma wakati mbaya. Kabla ya 1972, mwaka ambao sheria ya Title IX ilivilazimu vyuo kuwapa wanawake nafasi sawa michezoni, zaidi ya asilimia 90 ya makocha wa timu za wanawake walikuwa wanawake. Fedha zilipoanza kuingia kwenye timu hizo, kazi zikawavutia wanaume pia. Vivian Acosta na Linda Carpenter, watafiti waliolifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, walikuta mwaka 2014 kwamba wanawake wamebaki asilimia 43.4. Mlolongo wa UCLA, wa mwanamke kumrithisha mwanamke aliyemfundisha mwenyewe, ulikwenda kinyume na mkondo huo, na sidhani ulijiendea tu. Kila mara alikuwapo kocha mkuu aliyeamua kumwandaa mrithi miaka kumi kabla hajamhitaji.

Basi mwaka 2007 mrithi akakalia kiti. Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu.

Msimu wake wa kwanza UCLA haikufika Oklahoma City. Wa pili ilifika. Wa tatu haikufika. Kwa chuo kingine chochote haya ni matokeo ya kujivunia, lakini kwa UCLA, kufika kwenye timu nane za mwisho ni kama mshahara wa mwisho wa mwezi, watu hawaulizi kama utakuja. Mwaka 2010 akawanyamazisha: fainali dhidi ya Arizona, mechi ya kwanza ikaisha 6-5 kwa pigo la Megan Langenfeld lililovuka ukuta na kuimaliza mechi, mechi ya pili 15-9, kombe likarudi nyumbani. Inouye-Perez akawa ametwaa ubingwa huo kama mchezaji, kama msaidizi na kama kocha mkuu, vyote kwa chuo kimoja.

Halafu ukaja ukame. 2011 hawakufika. 2012 hawakufika. 2013 na 2014 vivyo hivyo. Miaka minne mfululizo mabingwa wa zamani walitazama fainali kwenye televisheni.

Nimejiuliza sana miaka hiyo minne inasema nini juu ya ile 13. Jibu jepesi ni kwamba msaidizi mzuri si lazima awe kocha mkuu mzuri. Siliamini jibu hilo, kwa sababu ya 2010 na kwa sababu ya yaliyokuja. Ninachokiona ni hiki: miaka 13 ilimfundisha kila kitu isipokuwa kimoja ambacho hakifundishiki ukiwa ubavuni, yaani kujenga benchi lako mwenyewe. Msaidizi hachagui wenzake, anawakuta. Siku anapopanda, eneo alilolijua kuliko mtu yeyote linabaki bila mwenyewe, na anavutwa na mazoea kuendelea kulishika kwa mkono wake huku mambo mengine kumi yakimsubiri. Wanaorithi kutoka ndani wana mtego huo ambao mgeni hana. Mgeni anakuja na watu wake. Mrithi anabaki na kiti chake cha zamani kikiwa kitupu kando yake, na ni lazima ampate mtu wa kukikalia ambaye atamwamini kama yeye alivyoaminiwa.

Watu wawili ndio wanaoeleza namna alivyotoka humo.

Wa kwanza ni Fernandez. Baada ya chuo alikwenda Atlanta 1996, Sydney 2000 na Athens 2004, akarudi na dhahabu kila safari. Huko Sydney aliwahi kuwaondoa wapigaji 25 wa Australia kwa mirusho katika mechi moja, na timu yake bado ikapoteza mechi ile, jambo ambalo linafundisha kuhusu mchezo huu kuliko maelezo yangu yote. Mtu wa wasifu huo angeweza kupata timu yake mapema sana. Yeye alikaa UCLA kama msaidizi, msimu baada ya msimu, akifanya kazi na warushaji na wapigaji, akisimama ubavuni mwa yule yule aliyekuwa akimdakia mipira akiwa msichana. Alikuwapo 2010, alikuwapo miaka ya ukame, alikuwapo ilipokwisha.

Wapo wanaolitazama hilo na kuona kipaji kilichopotea bure. Sikubaliani nao. Kocha mkuu wa chuo hutumia sehemu kubwa ya siku yake kwa wafadhili, ratiba, ofisi ya taaluma, wazazi wenye hasira na waandishi wa habari. Anayependa kusimama na mrushaji mmoja saa nzima wakishughulikia kidole kimoja tu kinavyouachia mpira, anayapata hayo kwenye usaidizi na anayapoteza kwenye ukuu. Kumwambia mtu kama Fernandez kwamba hajafika ni kumpimia kwa ngazi ambayo hakuiomba. Tunawafanyia hivyo walimu pia, tunamtoa darasani mwalimu bora wa hisabati na kumpa ofisi ya mwalimu mkuu, kisha tunashangaa hisabati imekwenda wapi.

Wa pili ni Walker. Alikuwa msaidizi UCLA enzi za Backus, akaondoka kwenda Oregon State na kuiongoza kuanzia msimu wa 1995 hadi wa 2012. Miaka 18 kwenye chuo kisicho na jina la UCLA wala jua la California, na akakifikisha Oklahoma City mwaka 2006. Alipoachana nacho, angeweza kutafuta ukuu mahali pengine. Alirudi kuwa msaidizi kuanzia msimu wa 2013. Hapo Inouye-Perez akawa na kitu ambacho miaka yake 13 haikumpa: mtu mwenye miaka 18 ya kukalia kiti cha moto, asiye na haja ya kumnyang'anya cha kwake. Na tusipite haraka kwenye unyenyekevu wa pande zote mbili. Ni kazi ngumu kupokea maelekezo kutoka kwa mtu uliyemjua akiwa mwanafunzi. Ni kazi ngumu zaidi kumpa maelekezo mtu aliyekuwa kocha wako, bila kumdhalilisha na bila kumwogopa.

Sitadai kwamba kuja kwake ndiko kulikogeuza mambo. Wachezaji ndio wanaoshinda mechi, na ukame uliendelea misimu miwili akiwapo. Lakini mwaka 2015 UCLA ilirudi kwenye nane bora, na ikaendelea kurudi kila mwaka hadi ule wa 2019.

Ule wa 2019 nitausimulia, maana ndipo benchi zima lilipopimwa kwa dakika chache. Katika nusu fainali dhidi ya chuo cha Washington, mrushaji wa UCLA Rachel Garcia alirusha awamu 10 nzima, mirusho 179, akawaondoa wapigaji 16, kisha yeye mwenyewe akashika gongo na kupiga mpira ukavuka ukuta, 3-0. Mrushaji anayepiga namna hiyo chuoni UCLA ni mwanafunzi wa moja kwa moja wa Fernandez, hata kama hujaambiwa. Kwenye fainali Oklahoma walilazwa 16-3 katika mechi ya kwanza. Ya pili, UCLA wakiongoza 4-3 katika awamu ya saba, wakibakiza kumwondoa mpigaji mmoja tu, Shay Knighten wa Oklahoma akaupeleka mpira nje ya uwanja. Nne kwa nne. Uwanja wote ulikuwa wa Oklahoma, mashabiki wao wakiwa nyumbani kwao.

Kocha mkuu aliyelelewa kwenye eneo la warushaji kwa miaka 13 alikuwa na mrushaji aliyechoka, bao la kusawazisha limetoka kuingia, na kelele kila upande. Garcia alibaki kwenye duara, akaimaliza awamu. Zamu ya UCLA ilipofika, mchezaji wao Kinsley Washington akapiga mpira uliomleta nyumbani mkimbiaji wa ushindi. Tano kwa nne. Ubingwa wa 12 wa NCAA unaohesabika kwa chuo hicho, na wa pili kwa Inouye-Perez akiwa kocha mkuu. Katika nusu karne tangu Backus aanze, timu ile imekuwa na makocha wakuu watatu tu, na wawili kati yao walianza kama wachezaji wake, wakawa wasaidizi wake.

Fernandez hakuwa kocha mkuu siku ile, na hajawa tangu siku ile. Mwaka 2025 ligi mpya ya kulipwa ya softiboli ya wanawake, AUSL, ilipoanza Marekani ikiwa na timu nne, alipewa umeneja mkuu wa timu ya Talons, kazi ya kuchagua wachezaji na kujenga kikosi kuanzia sifuri. Ukocha mkuu wa Talons alipewa Howard Dobson, mtu aliyefundisha upigaji kwa miaka mingi katika chuo cha LSU akiwa msaidizi. Julai hiyo hiyo Talons wakawa mabingwa wa kwanza wa ligi hiyo, na msimu wa vyuo uliofuata Fernandez akarudi UCLA, kwenye benchi, ubavuni mwa mdakaji wake.